Kama mnagawa chakula kwa wanaolala nje kipindi cha mlipuko kama wa korona

Jamani wale mnaopika uji na makande mnapeleka kwa wanaolala kwenye baraza za maduka hapa mjini Mwanza, msiwaite wote waje sehemu moja, wakisikia chakula wanabanana na huwezi kuwalaumu, mtu ana njaa tangu jana. Sisi tunawafuata kule kule walipo, wawili watatu, foleni hamna.

Ndoo ya koki muhimu, ila sabuni ya mche ukiiweka hapo inaondoka, na inaondoka kwa sababu mtu hana ya kufulia, sio mwizi huyo. Kwa hiyo sabuni ya unga kidogo koroga na maji kwenye chupa ya maji ya kunywa, kifuniko toboa na msumari wa moto, unaminya matone kwenye kiganja, asugue sekunde 20 hadi kati ya vidole ndo umfungulie koki. Ile ya mche kata vipande, kila mtu umpe chake aondoke nacho.

Upawa ashike mtu mmoja tu, kavaa barakoa, wengine wasiguse sufuria. Bakuli zikirudi zioshwe na sabuni na maji ya moto, sio kusuuzwa tu.

Na ukimkuta mtu anakohoa ana homa usimkimbie, msogezee chakula chake, muulize jina, halafu piga 199 bure, wale wa wizara ya afya watakuelekeza