Somo: Kufufua Honda CG125 ya zamani ukiwa nyumbani

Habari za kazi wakuu. Wengi mnauliza muanzie wapi na pikipiki ya mzee iliyolala miaka. Naeleza niliyoyafanya kwenye CG125 ya marehemu baba, iliyokaa miaka 11 bandani Kigamboni ikila chumvi ya bahari. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, na vavu zake zinasukumwa na vijiti, hakuna cheni ndani ya injini. Ndiyo maana anayeanza anaiweza.

Hatua ya 1. Kadi. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizoandikwa. Kama mwenye jina ameshafariki, maliza mambo ya mirathi na TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujanunua hata nati.

Hatua ya 2. Usipige kiki! Hapa ndipo injini nyingi zinakufa. Ringi za pistoni zikishikana na silinda kwa kutu, kiki moja ya nguvu inakwaruza ukuta wote. Chomoa plagi, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kwenye tundu, iache ilale. Kesho yake simamisha stendi kubwa, weka gia ya juu kabisa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Yangu iligoma siku tatu, kila jioni naongeza oili. Siku ya nne ikaachia kwa mlio mdogo, kama kifuniko cha chupa, na oili yenye vumbi jekundu ikapanda hadi kwenye tundu la plagi. Nilikaa chini pale pale mchangani, nikamkumbuka mzee.

Hatua ya 3. Picha kabla ya spana. Kila unachofungua kipige picha, boliti zake ziweke kwenye kifuko na uandike zimetoka wapi. Waya ndizo zinazosahaulika haraka zaidi.

Hatua ya 4. Tenki na kabureta. Jaza siki kwenye tenki, tia nati chache, tikisa, acha siku nzima. Mwaga, suuza kwa maji yenye bekingi soda, kausha juani, kisha pakaza oili ndani siku hiyo hiyo, maana hewa ya Dar inarudisha kutu kabla hujalala. Jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, zizibue kwa upepo au unywele mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya cherehani inapanua tundu, na pikipiki haitatulia tena. Kazi hii ifanye mbali na jiko la mkaa.

Hatua ya 5. Oili mpya ya pikipiki, kama lita moja. Nafasi kwenye ncha ya plagi iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Nafasi ya vavu zote mbili iwe milimita 0.08, ipime injini ikiwa baridi. Sasa piga kiki.

Breki, matairi na cheni viwe vizima kabla ya kutoka barabarani. Rangi iwe ya mwisho.

MASWALI

– Shikamoo fundi. Tenki langu limetoboka chini, nipeleke kwa mchomeleaji?
– Marahaba. Usimpelekee likiwa na harufu ya petroli hata kidogo, linalipuka. Lioshe kwa sabuni mara kadhaa, na achomelee likiwa limejazwa maji hadi karibu na tundu.

– Kaka, spea nazipata wapi?
– Nenda Gerezani au Kariakoo na kifaa cha zamani mkononi. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zimeigwa kutoka CG, kwa hiyo spea zake nyingi zinaingia. Pima kimoja kwa kimoja kabla ya kulipa.

– Mkuu, yangu inawaka ila nikitoa choki inazima.
– Jeti ndogo bado imeziba, au kuna upepo unaingia kati ya kabureta na injini. Ikiwa inaunguruma, pulizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, nunua gasketi. Usipobadilika, fungua kabureta tena, dada, na safari hii iangalie ile jeti ndogo kwenye mwanga wa jua. Ukiuona mwanga upande wa pili, imezibuka.