Krismasi ya mabaki: zawadi na mapambo kutoka kwenye kiroba cha fundi

Desemba fundi cherehani hana sikukuu. Kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi kibanda changu hapa Mtwara mjini kinajaa magauni ya watoto, sare za kwaya, na wale wateja wa tarehe 23 jioni wanaoingia na kitambaa kwapani: "Fundi, naomba ya kesho." Pesa yenyewe inafuata korosho. Mkulima akilipwa, nami nalipwa. Malipo yakichelewa, daftari la madeni linanenepa na mimi nakonda.

Ndiyo maana zawadi zangu nazitengeneza Novemba, tena kwa vitu ambavyo tayari viko hapa: vipande vya vitenge, kanga zilizochakaa, chelewa za ufagio, makopo, korosho zilizovunjika. Mwaka jana mapambo ya nyumba na zawadi za watu tisa vilinigharimu shilingi 20,000, na humo nahesabu nauli ya kwenda Mikindani, mji wa jirani, na kurudi.

Anza kwa kiberiti

Chini ya cherehani yangu kuna kiroba cha mabaki. Kama wewe si fundi, muombe fundi wa mtaani kwako. Wengi wetu tunafurahi kupunguziwa. Ila usikate chochote kabla hujajua ni kitambaa gani. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, toka nje, ziwashe. Pamba huungua kama karatasi, harufu yake ya karatasi, na inaacha majivu laini yanayopeperuka. Ukiona uzi unajikunja, unayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, hiyo ni poliesta. Poliesta ibaki kwa mapambo ya mti. Ukiitia kwenye kitu cha jikoni, sufuria ya moto itaiyeyushia kwenye vidole vya mtu uliyemkusudia mema.

Cha jikoni ninachotengeneza ni kishikio cha sufuria, na sijawahi kumpa mtu akakiweka kabatini. Kata vipande viwili vya mraba vya pamba, sentimita 20 kila upande. Kata na viwili vya ukubwa huohuo kutoka kwenye taulo kuukuu la pamba. Laza vitenge vikitazamana uso kwa uso, taulo juu yake. Kitanzi cha kutundikia kichomeke sasa hivi, ndani, kwenye kona, mkia wake ukichungulia nje. Ukisahau hapa utakuja kukishonea juu na kitaonekana kama kiraka. Shona kuzunguka, uache uwazi wa vidole vinne. Punguza ncha za kona kwa mkasi, geuza, halafu sukuma kona kwa kijiti cha chelewa. Usizisukume kwa mkasi. Najua unataka kutumia mkasi kwa sababu uko mkononi tayari, lakini utatoboa. Ziba uwazi, kisha pitisha mishono miwili kutoka kona hadi kona ili taulo lisikusanyike upande mmoja likifuliwa.

Huna cherehani? Sindano ya mkono inatosha, bora kila hatua urudi nusu nyuma kabla ya kwenda mbele. Kishikio kimoja kitakuchukua jioni moja ya maongezi barazani.

Kanga ina maneno yake, yasome

Kanga ikichakaa huanzia katikati, lakini jina, yaani maneno yake, mara nyingi linabaki zima. Likate na nafasi kidogo ya kukunja, ulishonee kwenye kishikio, kwenye foronya, au kwenye mfuko wa kubebea Biblia. Hapo umeokoa pesa ya kadi, maana zawadi imekuja na barua yake. Kwa jirani aliyenilelea mtoto nikiwa na homa nilishona "Hisani haiozi". Hakusema kitu, alikipangusa tu kile kitambaa kwa kiganja mara mbili.

Sasa nikwambie nilipoharibu. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikachukua kipande chenye rangi nzuri, nyekundu na nyeusi, nikakishonea mto wa kochi na kumpelekea wifi yangu. Mimi nilitazama rangi. Yeye alisoma: "Mso hili ana lile", yaani asiye na kasoro hii ana ile. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Kwa hiyo lisome jina kwa macho ya atakayelipokea, na kwa mawifi lisome mara tatu.

Mti

Huku pwani mti wa Krismasi ni mvinje. Omba tawi kwa mwenye kiwanja, la urefu wa mita moja hivi. Usikate mti mzima kwa sherehe ya siku tatu. Likate tarehe 22, si mapema zaidi, kwa sababu linakauka upesi na likishakauka linashika moto kama karatasi. Lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga uliolowanishwa, weka mawe kuzunguka shina, na umwagie maji kila asubuhi. Mshumaa usiukaribie.

Yale yanayoonekana majani marefu ya mvinje ni vijitawi vyenye viungo vidogo vidogo. Watoto wanajua kukata kimoja kwenye kiungo, kukirudishia, na kumtaka mwenzao akisie kimekatika wapi. Wape kazi hiyo wakati wewe unapamba.

Kuna wanaobandika pamba matawini iwe theluji. Kila mtu na mti wake, ila mimi Desemba ya Mtwara jasho linanidondokea mpaka kwenye bobini ya cherehani, siwezi kuigiza baridi. Mti wangu nautundikia ndege wa vitenge: kata maumbo mawili ya ndege, yashone uso kwa uso, acha uwazi wa vidole viwili, geuza, jaza vipande vidogo vya nguo au sufi, ziba, tia kitanzi cha uzi. Chora umbo moja kwenye boksi gumu uwe unalifuatisha, vinginevyo utapata bata wawili, kuku mmoja na kitu kisichojulikana.

Nyota ya juu ni chelewa tano kutoka kwenye ufagio, zilizokatwa sentimita 30 kila moja. Funga mbili pamoja kwa juu, zipanuke kama miguu ya mtu anayetembea. Ya tatu ifunge kwenye unyayo wa kushoto, ipande kuelekea bega la kulia. Ya nne itoke bega la kulia, ilale moja kwa moja hadi bega la kushoto. Ya tano ishuke kutoka bega la kushoto hadi unyayo wa kulia. Kila zinapokutana katikati, moja ipite juu na inayofuata chini, ndipo nyota itabana bila gundi. Zungushia uzi wa rangi. Chelewa zikikataa kupinda, ziloweke maji kwa saa moja.

Kuhusu gundi, mimi ya unga sitaki tena. Mwaka wa kwanza nilibandika minyororo ya karatasi kwa uji mzito wa ngano, ukutani, ikapendeza sana. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka dirishani hadi kwenye pambo la mwisho. Siku hizi minyororo naishona kwa uzi.

Taa ya kopo

Chukua kopo tupu la nyanya au la maziwa, lioshe. Ukilitoboa likiwa wazi litabonyea, kwa hiyo lijaze mchanga mbichi na uushindilie mpaka ukutani mwa kopo. Chora nyota kwa nukta kwenye karatasi, izungushie, kisha gonga msumari wa inchi mbili kwenye kila nukta. Mwaga mchanga, lakini usiingize kidole, ndani kuna meno. Rudisha mchanga kimo cha vidole viwili, simamisha mshumaa humo, uweke barazani chini, mbali na pazia na mti. Umeme ukikatika usiku wa mkesha utajisikia ulipanga.

Kwa bibi wa ukindu

Jirani yangu nyumba ya pili ni bibi wa Kimakonde, Muislamu, anayesuka mikeka ya ukindu, yale majani ya mkindu. Nilikwenda kujifunza alama za kuwekea kwenye vitabu, zawadi ya wanakwaya wenzangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo cherehani imekufukuza?"

Alinionyesha hivi: maji yachemke, rangi ya unga ikoroge humo, zamisha ukindu kwa kama robo saa, anika kivulini. Juani rangi hupauka kabla hujaanza kazi. Kabla ya kusuka, ulowanishe kidogo; ukindu mkavu unakatika. Kwa alama ya kitabu, nyuzi nne zinatosha, urefu wa sentimita 25, ncha uzikunje na kuzishona. Yangu ya kwanza ilipinda kama mkia wa paka. Bibi aliitazama, akaifumua yote bila kuniuliza, akasema, "Mkono wako una haraka ya pedali."

Kashata za korosho

Usibangue korosho mwenyewe kama hujazoea; mafuta ya ganda yanababua ngozi, na moshi wake ukizichoma ni mkali. Nunua zilizokwisha banguliwa kwa kina mama, na uulize vipande. Ladha ni ileile na bei iko chini, na kwa kashata ungezivunja tu hata hivyo. Nusu kilo hunitosha sufuria mbili ndogo.

Kaanga vikombe viwili vya vipande kwenye kikaango kikavu mpaka vibadilike rangi kidogo, epua. Kwenye sufuria nzito weka kikombe kimoja cha sukari bila maji, moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko. Itaganda mabonge utishike. Endelea, itayeyuka iwe rangi ya asali. Hapo hapo mimina korosho, iliki ya kusaga na chembe ya chumvi, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta pia. Una dakika moja au mbili za kukata. Zikishapita unavunja kwa mchi. Watoto wakae mbali, sukari ya moto inang'ang'ania ngozi.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na unyevu ukiingia kashata zinanata. Zikipoa tu zitie kwenye chupa kavu ya jamu yenye mfuniko, usingoje kesho. Mikindani, kwenye mibuyu mingi, nimewahi kuokota mabuyu, nikakata kichwa kwa msumeno, nikakwangua ndani, nikaosha na kuyaanika siku tatu. Yanapendeza mno kama chombo cha zawadi, lakini hayazuii unyevu, kwa hiyo kashata zifungwe kwenye karatasi kwanza na zitolewe siku hiyohiyo. Chupa moja kila mwaka ni ya bibi wa ukindu. Sahani yake inarudi Idi, imejaa.

Makombe ya baharini nayatumia kidogo, yale matupu yaliyovunjikavunjika maji yakipwa. Yenye mnyama ndani nayaacha, na kijiji cha Msimbati kimo ndani ya hifadhi ya bahari, huko sigusi kitu.

Kufungia zawadi, usinunue karatasi. Mwisho wa mwaka kila nyumba ina kalenda inayokufa, karatasi nzito yenye picha. Kunja ukurasa uwe bahasha, picha nje, shona ukingo kwa mishono mirefu ya uzi mwekundu. Januari hadi Novemba unapata kurasa 11. Ukurasa wa Desemba usiuguse. Mume wangu ameandikia humo tarehe za minada ya korosho, na bado anahesabu.