Moshi ukitoka kwenye boneti, usiifungue

Kwa wenzangu mnaoendesha kati ya Kampala na Jinja: injini ikianza kufuka moshi, egesha pembeni, zima gari, shusha watu wote, kisha vuta ile kamba ya boneti ya ndani TU. Boneti itabaki imenasa kwenye ndoano yake, na upenyo mdogo. Puliza poda ya mtungi wa kuzimia moto kupitia upenyo huo, ukielekeza chini. Ukiinua boneti yote, hewa inaingia kwa wingi na miali inakurukia usoni. Na mtungi wa kilo 1 unaisha kwa sekunde kama 10 hivi, huna poda ya kuchezea.

Njia hii haifai kama moto umeshatoka nje au umefika kwenye tangi. Kimbia, piga 999.

Kwa gari la umeme pia haifai, betri ikiwa ndiyo inayowaka: poda haipoozi seli, na moto huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Hapo ni maji mengi ya zimamoto. (Wanaoyaita magari hayo mabomu, wengine hubeba petroli kwenye jerikeni ndani ya buti.)