Somo: Kuchagua kigeuzi cha sauti (DAC) cha bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani

Ndugu wanachama, nimeamua kuandika somo hili mara moja tu, kwa sababu swali la "DAC gani nzuri kwa bei nafuu?" limeulizwa hapa mara nyingi kiasi kwamba nimechoka kulijibu vipande vipande. Muulizaji hasemi kama anatumia televisheni, simu au kompyuta, hasemi ana spika za namna gani, wala hasemi ametenga kiasi gani. Akirudishiwa maswali hayo, hununa. Kuanzia leo nitamwelekeza hapa.

Muziki uliomo kwenye simu au televisheni ni tarakimu tupu, na spika haijui kusoma tarakimu. Inachokijua ni umeme unaopanda na kushuka. Kigeuzi ndicho kinachokaa katikati yao. Kila simu, kompyuta au televisheni yenye tundu la hedifoni tayari ina kigeuzi ndani yake, na kwa hiyo jambo la kuamua mwanzo ni kama unahitaji kingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha unakihitaji. Sababu ninazozikubali ni tatu. Ya kwanza ni televisheni mpya ambayo haina matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti, ilhali wewe una amplifaya au sabufa ya zamani isiyo na tundu jingine. Ya pili ni simu isiyo na tundu la hedifoni. Ya tatu ni kompyuta ambayo sauti yake ina mkwaruzo unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Kama sababu yako ni kuongeza besi, tunza fedha zako, kwa maana besi inatoka kwenye spika na mahali ulipoiweka spika hiyo chumbani.

Hatua ya pili: geuza vifaa vyako na utazame matundu ya nyuma. Piga picha kabla ya kwenda dukani. Tundu dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu ni la waya wa mwanga, ambao wengi huuita optiko, la duara moja lenye rangi ya chungwa ni koaksia, USB mnaijua.

Hatua ya tatu: usinunue tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi. Diski za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 16. Kanuni ni kwamba ukipima mara hizo unaweza kurudisha kikamilifu mawimbi yote yaliyo chini ya nusu yake, yaani chini ya kilohezi 22.05, na sikio la binadamu mwenye afya njema huishia karibu kilohezi 20, tena likiwa la kijana. Biti 16 nazo zinatoa takribani desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele za chini kabisa, upana ambao sebule yenye feni ya dari, dirisha la nyavu na bodaboda zinazopita nje haiwezi kuumaliza. Kwa hiyo muuzaji anapokuonyesha "biti 32" kama sababu ya kuongeza elfu hamsini, mshukuru na uendelee na safari.

Hatua ya nne: panga fedha kulingana na kazi. Kwa simu, adapta ndogo ya Apple ya USB-C, ambayo kwao Marekani huuzwa dola 9, ina kigeuzi kizuri ndani yake, isipokuwa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo. Hilo ulijue kabla hujalaumu mtu. Jihadhari pia na adapta za bei ya chini sana ambazo hazina kigeuzi chochote ndani, bali ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe kupitia tundu la chaji, jambo ambalo simu nyingi haziwezi kulifanya. Kwa televisheni, visanduku vya chuma vyenye optiko na koaksia vinatosha kabisa, na FiiO D03K ni mfano wa kisanduku cha aina hiyo kilichotengenezwa kwa uangalifu. Kwa mezani, mwenye kompyuta na spika nzuri anaweza kupanda hadi kwenye Topping E30, yenye USB, optiko na koaksia. Kanuni yangu binafsi, ambayo si sheria ya mtu, ni kwamba kigeuzi kisizidi robo ya bei ya spika zako.

Hatua ya tano: rekebisha televisheni itoe PCM, yaani sauti ya tarakimu ambayo haijafungwa. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo nilipoumbuka. Nilinunua kisanduku changu cha kwanza Kariakoo, nikakifikisha Tabata, nikakiunga kwenye televisheni, na taarifa ya habari ikasikika vizuri sana. Nilipoweka filamu, ikawa kimya, na mara chache ikatoka kelele kama mahindi yanayokaangwa. Nikapanda daladala nikamrudishia muuzaji. Akakijaribu kwa mashine yake ya diski, kikaimba. Akanibadilishia hata hivyo, na hicho cha pili nacho kikafanya vilevile nyumbani, nikarudi tena na maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku ya tatu, nikiwa nimekaa sakafuni na rimoti, niliingia kwenye mipangilio ya sauti na kukuta sehemu ya sauti ya dijitali imewekwa "Auto". Maana yake ni kwamba kipindi chenye sauti ya kawaida ya njia mbili kilitolewa kama PCM, lugha ambayo hata kigeuzi cha bei nafuu huielewa, lakini filamu yenye Dolby Digital, yaani sauti ya sinema iliyobanwa, ilitolewa ikiwa bado imefungwa kama furushi, na kisanduku changu hakina ufunguo wa kulifungua. Nilichagua "PCM", filamu ikasema. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi yule muuzaji, na hadi leo huninunulia chai.

Zingatieni haya. Mpangilio huo unaweza kujirudisha wenyewe kwenye "Auto" baada ya televisheni kupata programu mpya, kwa hiyo sauti ikipotea ghafla anzeni kuangalia hapo. King'amuzi au kisanduku cha intaneti kilichoungwa kwenye televisheni kina mipangilio yake, nacho kirekebishwe hivyo hivyo. Punguzeni amplifaya kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu lile furushi likisomwa kimakosa hutoka kama kelele kali inayoweza kuua spika ndogo za sauti nyembamba. Na waya wa optiko huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili, viondoeni. Msicheke, nimewaona watu wazima.

Hatua ya sita: unga nyekundu kwa nyekundu na nyeupe kwa nyeupe. Kwenye amplifaya tumia tundu la AUX au CD, kamwe si lile la PHONO, ambalo ni la mashine ya santuri na litakuza sauti kupita kiasi na kuivuruga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpiga Mluzi: Mkuu, somo ni refu na mimi nina haraka. Nitajie moja tu iliyo nzuri nikanunue kesho.

Mwandishi: Hatua ya pili. Ukishapiga picha, rudi.

Mama Tausi: Asante sana kwa maelezo, kaka. Mimi nina kigeuzi cha USB kwenye kompyuta mpakato, nacho kimeungwa kwenye amplifaya. Nikiichomeka chaja ya kompyuta unasikika mvumo mzito, nikiichomoa unatoweka. Nimebadilisha waya mara mbili bila mafanikio. Je, kigeuzi ni kibovu?

Mwandishi: Dada, kigeuzi chako ni kizima, na kwa kuwa umeshafanya jaribio la kuchomoa chaja, umenirahisishia kazi. Amplifaya na chaja zote mbili zina njia ya kwenda ardhini, na waya wako wa USB pamoja na waya wa sauti vimekamilisha mzunguko kati ya njia hizo mbili. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tofauti ndogo tu kati ya ardhi moja na nyingine inatosha kupitisha mkondo kwenye waya wa sauti, ndio mvumo unaousikia. Kwanza, chomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Isiposaidia, na kama kompyuta yako inatoa optiko, itumie, kwa sababu mwanga haupitishi umeme na mzunguko unakatika hapo hapo. Njia ya mwisho ni kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Jambo moja nakusihi: fundi akikushauri kukata au kuziba mguu wa ardhi wa plagi, mkatalie. Mvumo utaondoka, ni kweli, na kinga yako dhidi ya kupigwa na umeme itaondoka nao.

Mama Tausi: Ekstensheni moja imetosha. Umebaki mdogo sana ambao siusikii nikikaa kwenye kochi. Mungu akubariki.

Kisiki cha Mpingo: Nimenunua kisanduku kama ulivyoshauri, kikafanya kazi dakika mbili, kikatoa harufu na kuzima. Somo lako limenitia hasara.

Mwandishi: Umetumia adapta gani?

Kisiki cha Mpingo: Ya king'amuzi cha zamani. Pini iliingia vizuri kabisa.

Mwandishi: Adapta nyingi za ving'amuzi hutoa volti 12, na kisanduku chako kimeandikwa volti 5 kando ya tundu hilo hilo ulilochomeka. Pini kuingia ni jambo moja, na volti ni jambo jingine. Ni kweli kwamba sikuliandika katika somo, kwa sababu nilidhani kila mtu husoma kilichoandikwa kwenye kifaa chake. Sasa limeandikwa, na wengine wasome. Pole kwa hasara.

Fundi Kimya: Niongeze hapo kwamba mwenye televisheni yenye tundu la USB anaweza kuchukua umeme wa kisanduku humo humo. USB ya kawaida hutoa volti 5 na nusu ampia, na visanduku vingi vidogo havihitaji zaidi ya hapo. Faida nyingine ni kwamba kigeuzi kinawaka na kuzimika pamoja na televisheni.

Mwandishi: Ni nyongeza nzuri. Wakisikia mkwaruzo mwembamba kwa njia hiyo, wajaribu chaja ya simu ya volti 5.

Mwana wa Upanga: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba ubora unatokana na chipu iliyomo ndani, na wengine wanasema za kampuni ya AKM zina sauti laini kuliko za kampuni ya ESS. Je, nichague kwa kutazama chipu?

Mwandishi: Marahaba, na umeuliza vizuri. Chipu ni sehemu moja tu. Baada yake kuna saketi inayosafisha na kukuza mkondo, kuna umeme unaoilisha, na kuna namna bodi ilivyochorwa; mtengenezaji mzembe anaweza kuiharibu chipu ya gharama, na makini akaifanya ya kawaida isikike vizuri. Mwezi Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichopo Nobeoka, Japani, kiliungua, chipu zikaadimika duniani, na watengenezaji kadhaa wakalazimika kuchora upya vifaa vyao kwa chipu za kampuni nyingine, ESS ikiwemo. Vifaa vilivyochorwa upya kwa uangalifu vilipimwa na kuonekana vizuri vilevile. Ukitaka kujiridhisha, mwombe rafiki akubadilishie vigeuzi viwili bila wewe kuona, sauti zikiwa zimesawazishwa kwa kipimo na si kwa sikio, kwa maana chenye sauti kubwa kidogo tu mara nyingi huonekana kizuri zaidi. Utuletee majibu yako hapa, yawe yoyote.

Bibi wa Kigamboni: Baada ya kuunga kigeuzi, rimoti ya televisheni haipandishi wala kupunguza sauti tena. Wajukuu wangu wanalazimika kuinuka kila tangazo linapopiga kelele.

Mwandishi: Shikamoo bibi. Televisheni nyingi hutoa sauti ya optiko ikiwa katika kiwango kimoja kisichobadilika, kwa hiyo sauti inarekebishwa kwenye amplifaya, na kama amplifaya yako ina rimoti yake, tumia hiyo. Ukija kununua kingine, tafuta kigeuzi chenye rimoti na uwezo wa kurekebisha sauti chenyewe, au televisheni na amplifaya zinazoungwa kwa HDMI ARC (waya wa HDMI kwenye tundu lenye maandishi ARC), ambayo hubeba amri ya sauti pia.

Bibi wa Kigamboni: Marahaba mwanangu. Na upande mmoja hukatika katika, mpaka niuguse waya.

Fundi Kimya: Bibi, huko kwenu hewa ina chumvi, na pini za waya wa sauti hushika ukungu wa kijani. Zima vifaa vyote kwanza, futa pini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke, kisha uchomeke na kuzungusha mara tatu nne. Mimi huku Mbezi hufanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Mpiga Mluzi: Mkuu, nimerudi. Ni televisheni na sabufa ya zamani. Nyuma ya televisheni kuna tundu la mraba, na ndani yake kuna mwanga mwekundu.

Mwandishi: Vizuri. Sasa nionyeshe nyuma ya hiyo sabufa.