Somo: Kununua franchaizi ya kudhibiti wadudu kwa njia rafiki kwa mazingira, Marekani

Ndugu zangu mlioko Marekani, wengi mnaulizia biashara ya franchaizi, yaani kulipia haki ya kuendesha tawi chini ya jina la kampuni nyingine, na ni biashara nzuri. Kinachonisikitisha ni mtu kuvutwa na gari la kijani lenye picha ya jani, akalipa, ndipo anaanza kusoma mkataba. Tuanze na karatasi.

Hatua ya 1: Hati ya ufichuzi. Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) inamlazimu mwenye jina, yaani kampuni inayokuuzia franchaizi, akupe hati hii angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa chochote. Ina vipengele 23. Anza na cha 20, kwani humo mna mawasiliano ya wanaoendesha matawi na ya waliojitoa mwaka uliopita. Wapigie hasa waliojitoa. Waulize: miezi ya baridi, simu za wateja zilipopungua, mrabaha (ada ya kuendelea kutumia jina) mliulipaje? Kwa kawaida mrabaha hukatwa kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida, kwa hiyo hata ukipata hasara bado unadaiwa. Kipengele cha 6 kina ada nyingine, cha 7 mtaji wa kuanzia, cha 12 mipaka ya eneo lako. Cha 19, cha mapato, si lazima kijazwe. Kikiwa kitupu halafu muuzaji akakutajia mapato kwa mdomo, achana naye, maana sheria haimruhusu.

Mlipe mwanasheria wa franchaizi aisome pia. Usibane pesa hapa.

Hatua ya 2: Pima huo ukijani. Omba orodha ya dawa zote wanazotumia, pamoja na ratiba ya mafunzo. Mafunzo yakiwa ni kupulizia mwanzo hadi mwisho, hiyo ni kampuni ya kawaida iliyobadilisha rangi. Kazi rafiki kwa mazingira huanza na ukaguzi, kisha kuziba, kusafisha na kutega, na dawa huja mwisho, pale tu inapohitajika.

Hatua ya 3: Leseni. Franchaizi haikupi leseni ya kutumia viuatilifu. Kila jimbo lina utaratibu wake: Texas ni Idara ya Kilimo, California ina bodi maalumu ya wadudu wa majengo. Kata na bima mapema.

Hatua ya 4: Kazi yenyewe. Chukua jiko lenye mende wadogo wa kahawia. Vuta friji, mulika tochi nyuma ya mota, maana ndipo kwenye joto. Fyonza mende na vifuko vya mayai kwa mashine. Kifuko kimoja hubeba mayai 30 hadi 40. Kisha weka matone madogo ya chambo cha jeli kwenye bawaba za kabati na chini ya sinki. Usipulizie dawa karibu na jeli, kwa sababu mende wataikwepa na chambo kitabaki bila kuliwa. Kwa panya, tafuta tundu: panya mdogo wa nyumbani hupenya upenyo wa milimita 6. Sindilia pamba ya chuma, ziba juu yake. Kunguni hufa kwa joto la nyuzi 50 za Selsiasi, mayai pia, ila joto hilo lazima lifike hadi ndani ya godoro, kwa hiyo vipimajoto viwekwe huko.

Maswali ya wanachama

*Dawa ya asili haina madhara, sivyo?* (Columbus)
Hapana, mkuu. Pareto, ua lile lile linalolimwa kwetu Kenya, Tanzania na Rwanda, hutoa dawa inayoua samaki. Funika tangi la samaki la mteja, na fuata lebo neno kwa neno. Usimwambie mteja kwamba dawa ni "salama kabisa".

*Mrabaha unaweza kujadiliwa?* (Houston)
Mara nyingi wanagoma. Elekeza nguvu kwenye eneo na masharti ya kutoka.

*Wateja wangu wasiposikia harufu ya dawa wanaona sijafanya kazi. Nifanyeje?* (Minneapolis)
Siku ya kwanza tega mitego ya gundi, muhesabu mende pamoja na mteja na uandike idadi kwenye fomu. Ukirudi kwa ukaguzi, hesabuni tena, yeye akiwa ameshika tochi. Idadi ikiwa haijashuka, rudia kazi bila malipo.