Somo: Jinsi ya kuchagua hoteli ya bei nafuu ya familia karibu na Disney World, Orlando

Habari zenu wapendwa. Kila likizo za shule zikikaribia naona swali lile lile, "nataka kuwapeleka watoto Orlando, hoteli gani ni bei rahisi?" na majibu yanayokuja ni majina tu, kila mtu anataja alikolala yeye basi. Majina hayasaidii sana, bei za hoteli kule zinapanda na kushuka kila siku, bora ujue kupiga hesabu mwenyewe. Na kikubwa ninachotaka mshike ni hiki: ile bei ya usiku mmoja unayoiona kwenye simu sio bei ya hoteli. Bei ya hoteli ni kila dola itakayokutoka toka watoto wanaamka mpaka wanarudi kulala.

HATUA YA 1. Jua geti lako

Disney World sio sehemu moja, ni eneo la karibu kilomita za mraba 100 na ndani yake kuna bustani nne za michezo: Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Universal ni kampuni nyingine kabisa na iko upande wa barabara ya International Drive, nao wana bustani zao, mpya ni Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025. Kuna watu wanabuku karibu na Universal wakati siku zote wana tiketi za Disney.

Sasa hoteli ikiandika "maili moja kutoka Disney" usifurahi haraka. Inaweza ikawa maili moja mpaka kwenye mpaka wa eneo, pale barabarani penye lile bango kubwa la kuwakaribisha wageni, na kutoka hapo mpaka geti la Magic Kingdom bado una safari. Fungua ramani, andika jina la bustani mtakayokaa siku nyingi, halafu weka muda wa kuondoka saa mbili asubuhi sio saa tano usiku, maana barabara ya I-4 asubuhi na jioni inajaa magari balaa, dakika kumi na tano za usiku zinageuka arobaini.

HATUA YA 2. Chagua eneo

Kissimmee, kwenye barabara ya US-192, ndiko kwenye vyumba vya bei ya chini kabisa pamoja na nyumba nzima za kupangisha, ila hoteli nyingi ni za zamani na ubora unatofautiana sana hata kwa majirani wawili. Lake Buena Vista iko karibu zaidi na Disney, bei inapanda kidogo, hoteli nyingi zina basi la kupeleka wageni. International Drive ni nzuri kama mna siku za Universal au SeaWorld (bustani ya michezo na wanyama wa baharini). Halafu kuna hoteli za Disney wenyewe za daraja la chini, hizo nitazisemea kwenye maswali.

HATUA YA 3. Piga hesabu ya siku nzima

Hapa ndipo hela inapookolewa kwahiyo naomba msome taratibu. Chukua mfano, nambari ni za mfano tu lakini mambo yenyewe ndivyo yalivyo.

Hoteli ya kwanza iko Kissimmee, chumba dola 85. Inatoza ada ya risoti dola 25 kwa usiku, hiyo ni ya lazima hata kama hamtaingia kwenye bwawa wala kugusa taulo zao. Jumla 110. Kissimmee iko kaunti ya Osceola ambako kodi ya hoteli ni asilimia 13.5 na ada ya risoti nayo inakatwa kodi, kwahiyo ongeza kama dola 15. Kupaki gari hotelini dola 15. Umefika 140. Asubuhi mnaenda Disney na gari, kupaki kwenye bustani tuseme dola 30 kwa siku, umefika 170, na watoto bado hawajanywa chai.

Hoteli ya pili iko Lake Buena Vista, dola 130, haina ada ya risoti, paking bure, chai ya asubuhi imo, basi la kwenda Disney lipo kwahiyo hamlipi kupaki kwenye bustani. Kodi ya kaunti ya Orange ni asilimia 12.5, kwahiyo unalipa kama 146 na watoto wameshiba. Ile uliyoiona ghali imekuwa rahisi kwa zaidi ya dola 20 kila siku, na bado hujahesabu kifungua kinywa cha watu wanne.

Afadhali kidogo, toka Mei 2025 sheria ya Marekani inawalazimisha wenye hoteli kuonyesha bei ikiwa na ada zote za lazima toka mwanzo. Ila kodi wanaruhusiwa kuileta mwishoni, na paking haihesabiwi kwa sababu wanasema sio lazima uje na gari. Kwahiyo usilinganishe hoteli kwenye ile orodha ya kwanza, endelea mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa ndio uandike nambari.

HATUA YA 4. Angalia chumba chenyewe

Friji na maikrowevu ni muhimu kuliko bwawa zuri la kuogelea, naongea kwa dhati kabisa. Maziwa ya mtoto, matunda, chakula kilichobaki jana, vyote vinahitaji friji. Kama kuna jiko dogo ni bora zaidi. Kitanda cha sofa soma watu wanasemaje, vingine chuma kinachoma mgongo. Kwenye maoni ya wageni usiangalie nyota, tafuta maneno: kunguni, ukungu, kelele, lifti, basi. Na usome ya miezi mitatu ya karibuni tu, hoteli ikibadilisha mmiliki inakuwa hoteli nyingine.

HATUA YA 5. Piga simu mapokezi

Uliza: basi linaondoka saa ngapi na la mwisho linarudi saa ngapi? Kiti kinabukiwa au wa kwanza ndio anapata? Kuna ujenzi wowote saivi? Mkifika mapema mnaweza kuacha mabegi? Wakijibu kwa kujizungusha na wewe umepata jibu.

HATUA YA 6. Tarehe

Mwisho wa Agosti na Septemba bei huwa chini sababu shule za kule zimefunguliwa, ila ni joto na ndani ya msimu wa vimbunga (Juni 1 hadi Novemba 30), kwahiyo chukua buking inayorudisha hela. Krismasi na Pasaka ni ghali kote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante sana kwa somo. Je basi la bure la hoteli linatosha au nikodi gari? Nina mtoto wa miaka miwili.

Jibu: Karibu dada. Inategemea ratiba. Kwa hoteli nyingi basi lina safari chache tu kwa siku, na kwa Magic Kingdom kwa kawaida halikufikishi getini, linakushusha kituo kinaitwa Transportation and Ticket Center, hapo unapanga foleni tena ili upande monoreli (treni ya reli moja ya juu) au feri ya kuvuka ziwa. Na kigari cha mtoto kwenye basi lazima kikunjwe, kwahiyo mkono mmoja mtoto amelala begani, mwingine kigari, na begi mgongoni. Usiku baada ya fataki watu wote wanatoka pamoja. Kama mko watu wazima wawili basi linawezekana, ukiwa peke yako na watoto kodi gari. Na mtoto chini ya miaka 3 hahitaji tiketi Disney, hapo umeokoa.

Swali: Mkuu sisi tuko sita, watoto wanne. Si tunaweza kubuku chumba cha wanne halafu tukajibana?

Jibu: Usifanye hivyo kaka, idadi ya watu kwenye chumba inahesabu na watoto, ni mambo ya usalama wa moto, wakikataa pale mapokezi usiku mtaenda wapi na watoto. Tafuta vyumba viwili vyenye mlango wa ndani wa kuunganisha, na uhakikishe wameandika kwenye buking kwamba mlango huo upo, maana "vyumba vya jirani" inaweza kuwa vimepakana tu. Au chukua nyumba Kissimmee, kwa watu sita mara nyingi ndio inatoka nafuu, ila ongeza ada ya usafi kwenye hesabu.

Swali: Hoteli za ndani ya Disney si ni za matajiri?

Jibu: Sio zote. All-Star Movies, Music na Sports, na Pop Century ni za daraja la chini. Kupaki bure hotelini na kwenye bustani, mabasi bure, na mnaingia nusu saa kabla ya wengine. Pop Century ina na Skyliner, vile vibehewa vya kwenye waya, vinakupeleka EPCOT na Hollywood Studios. Basi la bure la kutoka uwanja wa ndege lilishaondolewa, hilo jumlisha. Piga hesabu ya hatua ya 3 na hizi pia, wiki zingine zinashinda hoteli za nje.

Swali: Nikilipa na kadi ya debit kuna shida?

Jibu: Hoteli nyingi zinazuia kiasi fulani cha dhamana kwenye kadi mkifika, juu ya bei ya chumba. Kwa debit hiyo ni hela yako halisi imefungwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka benki iifungue hata baada ya kuondoka. Uliza kiasi gani kabla hujasafiri, na wengine hawapokei debit kabisa kwa dhamana, hilo nalo uliza kwenye ile simu ya hatua ya 5.