Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujapanda Blakiberi Kwenye Joto Kali na Ukame

Blakiberi, ile beri nyeusi yenye vipunje vilivyoshikana, asili yake ni sehemu zenye ubaridi. Kwenye jua kali na hewa kavu huzaa pia, ila ni lazima ujipange mapema. Nimeshang'oa miche 9 iliyokufa mikononi mwangu, na yote ningeiokoa kama ningejua haya.

Anza na aina. Blakiberi nyingi zinahitaji saa mamia kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 7 wakati zimelala, yaani zimesimama kukua, ndipo zichanue vizuri. Kama kwako baridi ni ya kupita tu, tafuta aina inayoridhika na baridi kidogo, wala usidanganywe na picha ya tunda kwenye kibandiko.

Mahali: jua la asubuhi, kivuli cha alasiri. Wavu wa kivuli wa asilimia 30 unatosha. Ukiweka mzito sana utavuna majani.

Matandazo: unene wa sentimita 8 hadi 10, yasiguse shina. Mizizi mingi iko juujuu, na udongo ulio wazi huipika.

Sasa maji, na hapa naomba usiruke hata mstari. Mwaka wa pili, joto lilipoanza, niliona kingo za majani zimekauka na kuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nikasema kiu hiyo. Kila jioni nikawa nafungulia maji ya kisima kwa dakika chache, udongo ulowe tu. Kingo zikazidi kuungua. Nikahisi labda ni njaa, nikamwagia kila shina samadi ya kuku, tena bila kipimo. Baada ya wiki chache machipukizi mapya yakawa yananyauka kabla hayajafika magotini. Nilipofunua matandazo ili ning'oe mche wa kwanza, udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha, lakini juu yake kulikuwa na ukoko mweupe. Kwenye vitundu vya mpira wa matone kulikuwa na unga kama huo. Nikauonja ule wa kwenye mpira. Chumvi.

Nilipopeleka maji kupimwa, jibu likawa lilelile. Kila jioni nilikuwa naongeza chumvi kidogo: maji yanakaushwa na jua, chumvi inabaki, na kwa kuwa nilimwagilia kidogo kidogo, haikupata hata siku moja ya kusukumwa chini ya mizizi. Samadi ya kuku nayo ina chumvi nyingi, ikamalizia kazi. Udongo ukijaa chumvi, mzizi unashindwa kuvuta maji hata ukiwa umezungukwa nayo. Na blakiberi ni dhaifu sana kwa chumvi: udongo ukivuka desisiemens 1.5 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi), mavuno huanza kushuka.

Kwa hiyo pima maji kabla ya kununua mche wa kwanza. Na kabla ya kuongeza maji kwa jani lililoungua, chomeka kidole ardhini hadi mwisho. Udongo mkavu, na majani yamelegea tangu asubuhi: hiyo ni kiu. Udongo una unyevu, na kingo za majani ya zamani ndizo zinazoungua: shuku chumvi. Mwagilia mara chache lakini kwa kina, mara mojamoja uzidishe ili chumvi ishuke, mradi udongo hautuamishi maji. Maji ya mvua ukiyapata, hayo yawe ya blakiberi.

Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, usikimbilie urea. Blakiberi inataka pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 5.5 hadi 6.5, udongo wenye chokaa hufungia madini ya chuma, mmea ukakosa kitu kilichopo. Tumia mbolea ya chuma aina ya EDDHA, ambayo huhimili udongo wa namna hiyo, na salfa ya kushusha pH polepole.

Tunda likiwa na vipunje vyeupe upande mmoja, angalia ni upande gani. Mara nyingi ni ule unaotazama jua. Huko ni kuungua. Tunda linalika, dawa haihitajiki, kinachohitajika ni kivuli. Vipunje vinavyogoma kuiva, vikabaki vyekundu na vigumu, hiyo ni kesi nyingine, huenda ni utitiri wa beri. Utitiri wa majani nao hupenda vumbi na ukavu: geuza jani, ukiona vidoa na utando mwembamba, piga maji kwa nguvu upande wa chini, asubuhi. Dawa kali huua pia wadudu wanaokula utitiri huo.

Kupogoa: shina huishi miaka 2. Kwa aina nyingi, mwaka wa kwanza hukua, wa pili huzaa kisha hufa. Kata lililokwisha kuzaa, ukilikosea ukakata changa umekata mavuno ya mwakani. Mimi siku hizi huyaacha yaliyokufa yasimame hadi joto lipungue, yawape machanga kivuli.

Vuna asubuhi. Tunda jeusi linalong'aa bado ni chachu; subiri weusi ufifie kidogo na tunda liachie lenyewe ukiligusa.

Mengine: usipande palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi, kuna kuvu wa mnyauko hubaki ardhini miaka. Funga waya za kuegemeza kabla mashina hayajalala. Wavu wa ndege uwe tayari matunda yakiwa bado mekundu. Vaa glavu nene hata kama uliambiwa aina yako haina miiba. Na mpira wa matone, ukague vitundu vyake kila wiki. Ukiona weupe, usiufute tu ukaondoka.